Upepo Ukitulia, Maji Yako Njiani: Somo la Kufuatilia Dhoruba Inayodhoofika

Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia, kusini mwa pwani ya Tanzania. Kabla ya kugusa nchi kavu kilikuwa kimeanza kupungua nguvu, na usiku huo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu. Huku Kenya, habari hiyo ilipokelewa kwa shukrani. Siku moja kabla, Rais William Ruto alikuwa amelihutubia taifa na kutangaza kwamba ufunguzi wa shule umeahirishwa, huku akionya kuwa huenda nchi ikakumbana na kimbunga. Mafuriko ya masika yalikuwa tayari yameua zaidi ya watu 200 nchini.

Tangazo la kupungua kwa nguvu lilikuwa la kweli. Hata hivyo, katika Mkoa wa Lindi, mvua iliyoletwa na mfumo huohuo iliharibu madaraja na kukata sehemu kadhaa za barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na mikoa ya kusini. Abiria na mizigo walikwama wakati upepo ulikuwa umekwisha kutulia.

Hapo ndipo penye somo la toleo hili. Maneno "kimbunga kimedhoofika" yana maana moja kwa mtaalamu wa hali ya hewa na maana nyingine kwa mkazi anayeyasikia redioni. Mtaalamu anazungumzia upepo. Mkazi husikia kwamba hatari imekwisha, naye hufungua duka, hurudisha mifugo bondeni, huvuka mto kwenda shambani. Pengo kati ya maana hizo mbili limeua watu wengi katika nchi za ukanda huu. Makala haya yanaeleza kwa nini pengo hilo lipo, na jinsi mkazi wa Kwale anavyoweza kuzifuatilia taarifa za dhoruba hadi mwisho wake halisi.

Ngazi zinazopimwa kwa upepo

Vimbunga vyote vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha kikanda kilichoko katika Kisiwa cha Réunion. Kituo hicho huvipanga kwa ngazi kulingana na kasi ya upepo unaovuma mfululizo kwa dakika 10 karibu na kitovu:

- Mgandamizo mdogo wa hewa wa kitropiki: kilomita 51 hadi 62 kwa saa.
- Dhoruba ya kitropiki ya wastani: kilomita 63 hadi 88 kwa saa. Hapa ndipo mfumo hupewa jina.
- Dhoruba kali ya kitropiki: kilomita 89 hadi 117 kwa saa.
- Kimbunga: kilomita 118 kwa saa na kuendelea. Juu yake kuna ngazi mbili za vimbunga vikali zaidi.

Mkazi akiitazama orodha hii kwa makini ataona jambo moja: mvua haimo. Hakuna ngazi hata moja inayosema mfumo umebeba maji kiasi gani, wala utayamwaga wapi. Mfumo unaweza kushuka kutoka kimbunga hadi mgandamizo mdogo wa hewa, ukapoteza hata jina lake katika taarifa, na bado ukawa na mvua ya kujaza mito ya wilaya nzima.

Ni kweli kwamba kupungua kwa upepo ni nafuu kubwa. Nguvu ya upepo kusukuma ukuta au paa hupungua haraka kuliko kasi yake: kasi ikishuka hadi nusu, msukumo hushuka hadi robo. Kwa hiyo tangazo la kudhoofika lina uzito wake kwa mwenye nyumba ya makuti au mabati yaliyolegea. Kwa anayeishi kando ya mto, tangazo hilo halijajibu swali lake.

Kwa nini maji hubaki

Kimbunga huishi kwa joto la bahari. Maji ya juu ya bahari yanapofikia nyuzijoto 26 hadi 27, mvuke mwingi hupanda, hupoa huko juu, hugeuka mawingu na mvua, na joto linaloachwa huendelea kuvuta hewa zaidi kutoka chini. Mzunguko huo ndio injini yake.

Mfumo unapoingia nchi kavu, mafuta ya injini hiyo hukatika. Miti, vilima na majengo huukwaza upepo wa chini, na baada ya saa chache kasi hushuka sana. Lakini unyevu uliokwisha kubebwa hewani haupotei kwa sababu upepo umepungua. Uko juu bado, na lazima ushuke mahali fulani. Ukikutana na milima, hewa hulazimika kupanda, hupoa, na mvua huongezeka.

Jambo la pili ni mwendo. Dhoruba ina kasi mbili ambazo wengi huzichanganya. Moja ni kasi ya upepo unaozunguka kitovu. Nyingine ni kasi ya mfumo mzima kuhama kutoka mahali hadi mahali. Mfumo unaodhoofika mara nyingi huhama polepole, na wakati mwingine husimama. Hesabu ndogo inaonyesha tofauti yake. Chukulia ukanda wa mvua wenye upana wa kilomita 100, unaomwaga milimita 10 kwa saa. Ukihama kwa kilomita 20 kwa saa, utapita juu ya kijiji kwa saa 5 na kuacha milimita 50. Ukihama kwa kilomita 5 kwa saa, utakaa juu ya kijiji hichohicho kwa saa 20 na kuacha milimita 200. Mvua ni ileile. Kilichobadilika ni muda wa kukaa.

Milimita 200 ni maji kiasi gani? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mabati la mita 10 kwa 6 itapokea lita 12,000, yaani mitungi 600 ya lita 20. Eneo la kilomita moja ya mraba litapokea lita milioni 200. Hayo ni malori 20,000 ya maji, kila moja likiwa na lita 10,000, yakimwagwa juu ya mashamba na vijia kwa muda usiozidi siku moja.

Blantyre na Beira: mafunzo ya majirani

Mfano mzito zaidi wa jambo hili ni Kimbunga Freddy cha mwaka 2023. Kilianza karibu na Australia mapema Februari, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska Februari 21 na Msumbiji siku chache baadaye. Kisha kikarudi baharini, kikajijenga upya, na Machi 11 kikaingia tena Msumbiji karibu na mji wa Quelimane. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba kiliishi kwa siku 36, muda mrefu kuliko kimbunga kingine chochote kilichowahi kurekodiwa.

Hata hivyo, vifo vingi havikutokea katika miji ya ufuoni iliyopigwa na upepo. Vilitokea Malawi, nchi isiyopakana na bahari. Baada ya kuingia nchi kavu kwa mara ya mwisho, Freddy kilidhoofika na kukawia. Mvua ikanyesha bila kukatika juu ya milima ya kusini mwa Malawi, na serikali ya nchi hiyo ikaeleza kuwa mvua ya miezi sita ilinyesha kwa siku sita. Usiku wa kuamkia Machi 13, miteremko inayouzunguka mji wa Blantyre iliporomoka. Matope na mawe yaliingia katika vitongoji kama Chilobwe watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 1,000 walifariki au hawakuonekana tena nchini humo. Waliokufa usiku huo waliuawa na maji na udongo wa mfumo ambao upepo wake ulikuwa umekwisha kupungua.

Miaka minne kabla yake, Kimbunga Idai kilitoa somo hilo kwa njia nyingine. Kwanza, kabla hakijafikia hata ngazi ya kuitwa kimbunga, kilikuwa mgandamizo wa hewa ulioingia Msumbiji na Malawi mwanzoni mwa Machi 2019 na kusababisha mafuriko. Kisha kikarudi baharini, kikapata nguvu, na usiku wa Machi 14 kikaupiga mji wa bandari wa Beira. Upepo ulipotulia, wengi walidhani mabaya yamepita. Lakini mvua iliendelea bara, hadi milima ya Chimanimani nchini Zimbabwe, takriban kilomita 200 kutoka baharini. Mito ya Buzi na Pungwe ilivunja kingo zake siku zilizofuata, na bonde likageuka ziwa kubwa lililoonekana kwenye picha za setilaiti. Watu walikaa juu ya paa na matawi ya miti wakisubiri kuokolewa, siku kadhaa baada ya kimbunga chenyewe kutoweka. Mwisho wa Machi, kipindupindu kikatangazwa Beira. Katika nchi tatu, watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha.

Matukio haya mawili yanaonyesha mpangilio unaofanana: upepo hutangulia, mvua hufuata, mito hujaa baadaye, na maradhi huja mwisho. Kila hatua huanza wakati ile iliyotangulia inaonekana kuisha.

Si kila dhoruba hubaki na maji

Ni haki kusema pia kwamba dhoruba nyingine hudhoofika na kuishia hapo. Aprili 2021, Kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania na kuzua hofu kubwa, lakini kilidhoofika baharini na kufika kikiwa mabaki tu, na madhara yake yakawa madogo. Mkazi aliyejiandaa kwa Jobo na kuona hali shwari anaweza kushawishika kupuuza onyo linalofuata.

Kinachotenganisha dhoruba ya aina ya Jobo na ile ya aina ya Freddy ni majibu ya maswali matatu. Je, mfumo unahama haraka au unakawia? Je, ardhi imeshalowa kwa mvua za awali, au ni kavu na bado inaweza kunywa maji? Je, mbele yake kuna milima ambayo mito yake inateremka kuelekea kwa watu? Jibu baya kwa maswali mawili kati ya hayo linatosha kumfanya mkazi wa bondeni awe macho, hata kama upepo hautikisi jani.

Hidaya ilifika mwezi Mei, katikati ya masika, ardhi ikiwa imeshiba maji tangu Machi na Aprili. Ndiyo maana wataalamu waliichukulia kwa uzito. Hata hivyo, mafuriko yaliyokuwa yameikumba Nairobi, Mai Mahiu na Bonde la Mto Tana kufikia siku hizo yalitokana na mvua za masika zenyewe, wala si Hidaya. Kulitambua hilo kunasaidia, kwa sababu mkazi anayedhani kila mafuriko yanahitaji kimbunga hatajiandaa kwa mvua za kawaida zinazorudi kila mwaka.

Wakati mwingine kimbunga cha mbali huleta kinyume chake kabisa. Mwaka 2019, Idai kilipokuwa kusini, kilivuta unyevu kuelekea huko, na masika ya Kenya yakachelewa. Wakulima wengi walikuwa wamekwisha kupanda. Kwa hiyo anayefuatilia dhoruba hafanyi hivyo kwa ajili ya mafuriko pekee.

Nafasi ya Kwale kwenye ramani

Pwani ya Kenya hupigwa na vimbunga kwa nadra sana, na sababu yake ni ya kijiografia. Ili kimbunga kijizungushe kinahitaji msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo ni hafifu mno karibu na ikweta. Ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta, vimbunga huwa adimu. Vanga, kwenye mpaka wetu wa kusini, iko karibu nyuzi 4.7 kusini. Sehemu yote ya pwani ya Kenya iliyobaki iko karibu zaidi na ikweta.

Adimu si sawa na haiwezekani kwa majirani zetu wa karibu. Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha majahazi bandarini na kuangusha mikarafuu kwa wingi. Aprili 1952, kingine kiliipiga Lindi. Ukanda huu umewahi kuguswa, na hauhitaji kuguswa na kitovu ili uumie.

Umbali unaweza kupimwa na yeyote mwenye ramani ya shule. Uzi mmoja wa latitudo ni sawa na takriban kilomita 111. Mafia iko karibu nyuzi 7.9 kusini na Vanga nyuzi 4.7. Tofauti ni nyuzi 3.2, ambazo ni kilomita 350 hivi. Mikanda ya mawingu ya mvua ya kimbunga huweza kutanda mamia ya kilomita kutoka kitovuni, na mawimbi yake husafiri mbali zaidi. Ndiyo sababu mvuvi wa Shimoni au Gazi hupaswa kujali kitovu kilicho Mafia.

Kuna njia ya pili ya maji kufika Kwale, nayo haionekani angani. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, Tanzania, hukatiza mpaka na kuingia Lunga Lunga, kisha hufika baharini karibu na Vanga. Mvua kubwa ikinyesha Usambara, maji yake yatashuka hata kama anga ya Vanga ni ya buluu. Kwa wakazi wa kando ya Umba, utabiri wa Mkoa wa Tanga una uzito sawa na utabiri wa Kwale. Hali kama hiyo iko, kwa umbali mfupi zaidi, kwa walio kando ya Mkurumudzi, unaoteremka kutoka Shimba Hills hadi Ghuba ya Gazi.

Jambo la tatu ni bahari yenyewe. Wavuvi wanajua kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kuliko siku za maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu wakati wa bamvua hupita mita 3. Mto uliofurika ukifika mlangoni wakati bahari imejaa, hauna pa kumwaga. Maji hurudi nyuma na kutanda mashambani na majumbani hadi bahari ipwe. Kwa hiyo mafuriko ya mdomo wa mto yana saa zake, na anayejua saa za kujaa na kupwa anaweza kukisia ni lini maji yatapanda zaidi.

Jinsi ya kusoma taarifa ya dhoruba

Kwa kawaida, kituo cha Réunion hutoa taarifa mpya kila baada ya saa 6 mfumo unapokuwa hai, kwa saa za kimataifa. Kwa saa za Kenya hupimwa saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huzipitia, huongeza vipimo vyake, na hutoa tahadhari kwa umma. Mkazi hahitaji kusoma kila kitu. Mambo matano yanatosha, na ni vyema yaandikwe kwenye daftari moja ili taarifa ya leo ilinganishwe na ya jana.

Kwanza, taarifa ilitolewa lini. Ujumbe wa WhatsApp usio na tarehe wala saa hauna faida. Dhoruba huweza kubadilika sana kwa saa 12, na ujumbe wa jana ukisambazwa leo hupotosha.

Pili, kitovu kiko wapi. Andika latitudo na longitudo, weka alama kwenye ramani, kisha unganisha alama za siku mbalimbali kwa mstari. Mstari huo utaonyesha kama mfumo unakuja, unapita au umegeuka.

Tatu, unaelekea wapi na kwa kasi gani. Kwa mfano, mfumo ulio umbali wa kilomita 400 na unaohama kwa kilomita 10 kwa saa utafika baada ya saa 40. Ikiwa taarifa ya pili inasema kasi imeshuka hadi kilomita 5, hiyo si habari njema. Maana yake ni kwamba mvua itakaa muda mrefu zaidi pale itakaponyesha. Ramani za utabiri huwa na eneo lililochorwa likipanuka mbele kama faneli. Eneo hilo linaonyesha njia ambazo kitovu kinaweza kufuata. Halionyeshi mahali mvua itakapoishia, na aliye nje yake bado anaweza kulowa.

Nne, upepo una kasi gani. Taarifa nyingine hutumia maili za baharini kwa saa. Zidisha kwa 1.85 kupata kilomita.

Tano, mvua inatarajiwa kiasi gani, na wapi. Hili ndilo swali ambalo vichwa vya habari mara nyingi huliacha. Wakati upepo unatangazwa kupungua, hili ndilo linalopaswa kusomwa mara mbili.

Vipimo viwili vya nyumbani

Utabiri unahusu eneo kubwa. Kijiji kinaweza kuukamilisha kwa vipimo vyake.

Cha kwanza ni kipimo cha mvua. Kopo lolote lenye kitako bapa na kuta zilizonyooka linafaa. Liwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, na maji yapimwe kwa rula kila siku saa tatu asubuhi. Sentimita moja ni milimita 10. Kimo hicho hakitegemei ukubwa wa kopo. Shule inaweza kuwapa wanafunzi kazi hii, na baada ya msimu mmoja kijiji kitajua ni milimita ngapi hufurisha kivuko chake.

Cha pili ni alama ya mto. Mistari ya rangi kwenye nguzo ya daraja, kila nusu mita, humwezesha mtu aliye ukingoni kuona kama maji yanapanda au yanashuka bila kuyakaribia. Kijiji cha juu kikiona maji yamepanda mistari miwili kwa saa moja, simu moja kwa mzee wa mtaa wa kijiji cha chini huwapa walioko huko muda wa kuondoka. Viongozi wa nyumba kumi na wa BMU wanaweza kukubaliana mapema nani atampigia nani, usiku na mchana.

Siku baada ya upepo

Makosa mengi hutokea katika siku tatu au nne zinazofuata tangazo la kudhoofika. Wakazi wanashauriwa kuzingatia haya:

- Wasivuke maji yanayokwenda kasi. Maji ya sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huweza kuelea gari dogo, na sentimita 60 husomba magari mengi. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, gari lilisombwa na Mto Ramisi katika kaunti hii likiwa na watu ndani. Madereva wa matatu na bodaboda wanaohimizwa na abiria kuvuka wana haki na wajibu wa kukataa.
- Wavuvi wasubiri Idara ya Hali ya Hewa itangaze kwamba bahari imetulia. Mawimbi marefu huendelea kufika kutoka mbali hata upepo wa ufuoni unapokuwa mwanana.
- Waliohamia mahali pa juu wasirudi bondeni kwa sababu ya jua la asubuhi. Wasubiri mto ushuke na ubaki chini.
- Wanaoishi kwenye miteremko watazame nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama ghafla, au chemchemi zilizogeuka tope. Dalili hizo humaanisha udongo umeanza kusogea.
- Maji ya visima vilivyofunikwa na mafuriko yasinywewe mpaka yachemshwe au kutiwa dawa. Anayeharisha maji mfululizo apelekwe kituo cha afya mara moja.

Dhoruba inaweza kuhesabiwa kuwa imekwisha mambo manne yanapokutana: taarifa za hali ya hewa hazitaji tena mvua kubwa, wala hapa wala kwenye milima yanakotoka maji, kipimo cha mvua hakijapata kitu kwa siku nzima, mto umekuwa ukishuka mfululizo, na bahari imepwa na kujaa bila maji kutanda ufuoni. Moja likikosekana, tahadhari inaendelea.

Kwa dharura, wakazi wapige simu ya polisi 999 au 112, au nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199. Kabla ya masika ijayo, kila familia iliyo kando ya mto iamue sasa mambo matatu: itakwenda wapi, itapita njia gani, na nani atawabeba wazee na watoto.